60 Minutes ina zaidi ya miaka hamsini hewani: kitu gani kinawarudisha watu, na kwa nini sisi Zanzibar hatuna chetu?

Mwana_Kikwajuni

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Uzi huu mrefu, anayetaka kusoma avute kiti. Nnataka tuzungumze kipindi cha televisheni cha Marekani kiitwacho 60 Minutes. Wengi humu mmekutana na vipande vyake YouTube, na baadhi yenu mmeviangalia bila ya kujua vinatoka wapi. Kilirushwa mara ya mwanzo na kituo cha CBS, Jumanne ya tarehe 24 Septemba 1968. Wakati huo Mzee Karume yu hai, Mapinduzi hayajatimiza miaka mitano, na TVZ, televisheni yetu ya Zanzibar, haijazaliwa. Tokea hapo vituo vingapi vimefunguliwa na kufungwa duniani, na wale wawili waliokifungua, Mike Wallace na Harry Reasoner, wote wameshatangulia mbele ya haki. Kipindi kipo pale pale.

Nakipenda kipindi hichi kwa dhati, na muda mrefu nimekuwa nikijiuliza kinatushika kwa kitu gani. Ukikitazama juu juu hakina cha kumtia mtu hamu. Muziki wa kufungulia hakina, ni saa tu inayogonga, tik tik tik. Hakina meza ya watu sita wanaokatizana maneno. Mwandishi anatokea mbele ya picha iliyopangwa mfano wa ukurasa wa jarida, anasema maneno machache, na pale pale umeshaingizwa ndani ya habari. Habari tatu kwa usiku mmoja, kila moja dakika kumi na mbili au kumi na tatu hivi. Mwisho.

Aliyekibuni ni Don Hewitt, mtu huyo huyo aliyeongoza kamera kwenye mdahalo wa Kennedy na Nixon mwaka 1960. Amri yake kwa waandishi ilikuwa moja: nisimulieni hadithi. Hakupenda kuletewa "suala". Mfano aliokuwa akiutoa ni wa Nabii Nuhu: suala lilikuwa uovu wa watu, lakini hadithi ni ya Nuhu. Sisi tuliokulia chuoni na visa vya Mitume hili tunalijua kabla hatujaiona televisheni. Hakuna mtoto aliyefunzwa subira kwa kuelezwa maana ya subira. Alisimuliwa Nabii Ayub.

Tazameni ilivyofanya kazi. Mwaka 1983 Morley Safer, mmoja wa waandishi wa kipindi, alileta habari ya kijana mweusi huko Texas, Lenell Geter, mhandisi, aliyehukumiwa kifungo cha maisha kwa wizi wa dola 615 kwenye mkahawa wa kuku. Wafanyakazi wenzake walisema saa ile alikuwa nao kazini, maili kama hamsini kutoka pale. Safer hakutoa mhadhara kuhusu ubaguzi wa mahakama za Texas. Alimkalisha Geter, akawakalisha wenzake, akawakalisha na wale wa upande wa serikali, kila mmoja akasema la kwake. Anayetazama ndiye aliyebaki na kazi ya kuzipima kauli zile, na hapo ndipo ghadhabu ikampanda mwenyewe bila ya kuamrishwa. Habari ilitoka mwanzo wa Disemba. Kabla mwezi haujesha Geter ameachiwa, na mwaka uliofuata mashtaka yakafutwa.

Jambo la pili ni swali la uso kwa uso. Novemba 1979, siku chache baada ya ubalozi wa Marekani kutekwa Tehran, Mike Wallace alikaa chini mbele ya Ayatullah Khomeini huko Qom. Akamwambia kwamba Rais Sadat wa Misri anasema anayoyafanya ni aibu kwa Uislamu, na anamwita kichaa. Alitanguliza kuomba radhi, akasema hayo ni maneno ya Sadat, si yake. Mkalimani alibaki ameduwaa, hajui aitafsiri vipi. Sitaki kuingia hapa katika siasa za Iran. Ninachotaka mkione ni adabu na ujasiri kukaa pamoja ndani ya sentensi moja. Hakumkebehi mzee wa watu, na swali hakulimeza.

La tatu ni kunyamaza. Mhojiwa akimaliza kujibu, mwandishi hakimbilii swali jengine. Anamwangalia. Kamera imesogezwa karibu mpaka unaona kope zinavyopepesa. Mtu akiachiwa kimya kile, mara nyingi ataongeza sentensi ambayo hakukusudia kuitoa, na kwa kawaida hiyo ndiyo sentensi ya ukweli. Watangazaji wetu wanaogopa kimya, wanakijaza kwa "naam" na "sawasawa kabisa mheshimiwa".

Sasa tuje kwetu. Mnakumbuka kiza cha Disemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja nzima bila ya umeme miezi mitatu, kwa hitilafu kwenye mfumo wa waya unaopita chini ya bahari kutoka Bara? Pampu za maji zilisimama. Samaki hakuna barafu ya kumlaza. Mwenye jenereta alikuwa bwana, asiyekuwa nayo alirudi kwenye koroboi. Habari kubwa ile! Tulisikia matamko mengi, leo mafundi wamefika, kesho kifaa kiko njiani. Mimi sijapata kuona, wakati ule wala baadae, makala moja ya dakika kumi na tatu inayomfuata muuza samaki mmoja wa Malindi kutoka alfajiri hadi usiku, kisha ikaenda kwa mhandisi ikamuuliza: waya huu ulijulikana umechoka tokea lini, na nani aliambiwa? Maana mwezi mmoja hivi wa mwaka 2008 ulikuwa umeshatuonyesha kiza kama kile kile.

Hoja yangu ni hiyo. Kinachokifanya 60 Minutes kisizeeke ni kumheshimu mtazamaji: anapewa mtu wa kumjali, anapewa ushahidi wa kuupima, halafu anaachiwa akili yake. Pesa zao ni nyingi, nakubali, lakini hicho nilichokitaja hakinunuliwi. Naomba michango, khasa kutoka kwa waliofanya kazi za habari.

Mzee_wa_Barza

Waalaykum salaam mwanangu. Umeandika vizuri, mie nnaongeza la upande wangu.

Usisahau kwamba Zanzibar ilitangulia. Televisheni ya rangi ilifika hapa mwanzoni mwa miaka ya sabini, wakati wenzetu wa Bara walikuwa hawana hata ya nyeusi na nyeupe. Wao vituo vyao vya mwanzo vilikuja mwaka 1994. Tukikusanyika nyumba yenye seti, watoto chini mkekani, wakubwa kwenye viti, wengine wamesimama dirishani. Kwa hiyo tusiseme kwamba televisheni ni jambo geni kwetu.

Lakini kilichotufunza kusikiliza habari kwa makini kilikuwa redio. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza mwaka 1957, na hapa barazani petu ikifika saa kumi na mbili u nusu jioni, kahawa inamiminwa kimya, watu wanasikiliza Dira ya Dunia. Ukipita na baiskeli ukapiga kengele unatazamwa vibaya. Wakimaliza, ndio mjadala unaanza, na unaendelea mpaka adhana ya Isha. Mwenye habari ya uongo anashikwa pale pale kwa sababu wote wamesikia kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo nnapoona nguvu ya kipindi chako hicho cha Kimarekani. Kina siku yake na saa yake. Watu wanajua Jumapili usiku kipo. Sisi kipindi kinaanza mwezi huu saa mbili, mwezi ujao kimehamishwa saa nne, mwezi wa tatu hakionekani tena na hakuna aliyetaka udhuru. Mtu hawezi kuzoea kitu kisichomzoea.

Nipo_Ughaibuni

Mzee wangu shikamoo. Umegusa penyewe. Mimi naishi Marekani mwaka wa kumi na kitu sasa, na nikueleze hiyo Jumapili ilivyopatikana.

Miaka ya mwanzo 60 Minutes hakikuwa na watazamaji wa maana. Kilikuwa kinatoka Jumanne moja, Jumanne ya pili hakipo, usiku saa nne, kikishindana na vipindi vya burudani. Kilihamishwa hapa na pale. Mwishoni mwa 1975 kikawekwa Jumapili saa moja usiku, na hapo kikatulia. Kuna sababu ya kidunia kabisa: mchana wa Jumapili CBS wanaonyesha mpira wa Kimarekani, mechi ikimalizika familia bado iko sebuleni, chakula kinapakuliwa, na ile saa inaanza kugonga. Mpaka leo, mechi ikichelewa, kipindi kinasubiri.

Msimu wa 1979 kuingia 1980 kikawa cha kwanza kwa kutazamwa Marekani nzima. Kipindi cha habari kikavishinda vichekesho na tamthilia! Na kikarudia kushika nafasi hiyo miaka ya themanini na ya tisini. Hapo ndipo vituo vya Marekani vilipotambua kwamba habari zinaweza kuingiza pesa badala ya kula pesa tu.

Lakini angalieni ilichukua muda gani: tokea 1968 hadi 1975 wenyewe hawakukiua. Kwa wenye vituo vyetu, miezi sita bila ya mdhamini mnono ni mingi.

Jengine, ni wale watu wenyewe. Ed Bradley aliingia 1981 akakaa mpaka alipofariki 2006, mtu mweusi kutoka Philadelphia, anamhoji mfungwa na anamhoji mwimbaji kwa heshima ile ile. Morley Safer aliingia 1970, akastaafu Mei 2016, wiki moja baadae akafariki. Lesley Stahl yupo tokea 1991. Andy Rooney, yule mzee aliyekuwa akifunga kipindi kwa dakika chache za kulalamikia mambo madogo madogo ya nyumbani, alikaa tokea 1978 hadi 2011. Mtazamaji anazeeka nao. Bibi wa jirani yangu hapa alimlilia Rooney kama alivyolilia ndugu, nilimuona kwa macho yangu.

Kauli_Thabiti

Nashukuru kwa elimu lakini naona mnawapamba sana. Kipindi hicho kina madoa yake na tuyataje.

Mwaka 2004 toleo lao la Jumatano lilitumia nyaraka kuhusu utumishi wa jeshi wa Bush ambazo hawakuweza kuzithibitisha, ikawa fedheha, watu wakapoteza kazi. Mwaka 2013 wakatoa habari ya shambulio la Benghazi, Libya, wakamtegemea shahidi ambaye maelezo yake hayakusimama, wakalazimika kuomba radhi. Na kabla ya hapo, 1995, walikuwa na Jeffrey Wigand mkononi, mkuu wa zamani wa utafiti wa kampuni ya sigara ya Brown & Williamson, yuko tayari kusema wanachokijua wenye sigara kuhusu sigara. Wanasheria wa CBS wakaogopa kesi, mahojiano yakawekwa kando. Waliyarusha kamili Februari 1996, baada ya mambo yale yale kuwa yameshatoka gazetini.

Na Julai 2025, kampuni mama ya Paramount ilikubali kulipa dola milioni 16 kuimaliza kesi ya Trump kuhusu mahojiano ya Kamala Harris ya 2024. Mtayarishaji mkuu, Bill Owens, alikuwa ameshajiuzulu Aprili akisema hana tena uhuru wa kuendesha kipindi kama alivyozoea. Sasa hicho ndicho cha kuigwa?

Mwana_Kikwajuni

Kauli_Thabiti, yote uliyoyataja ni kweli, na nimefurahi umeyaleta wewe maana uzi bila ya hayo ungekuwa pungufu.

Ila itazame habari ya Wigand tena. Nani aliyetujuulisha kwamba CBS walirudi nyuma? Mike Wallace na wenzake walilisema jambo hilo hewani, kwenye kipindi chao wenyewe, Novemba 1995: kwamba kuna mahojiano na wamezuiwa kuyaonyesha. Kituo kikawa kinajishitaki mbele ya watazamaji wake. Na huyo Owens, alipoona nafasi yake imebanwa, alitoka na akasema kwa nini anatoka. Mimi sihusudu kipindi kisichokosea. Nnahusudu nyumba ambayo ndani yake kuna watu wako tayari kuuharibu ugali wao kwa ajili ya habari.

Na nyaraka za 2004 na shahidi wa 2013 zinatufunza kitu kile kile: hadithi tamu ni hatari. Ukishaipenda sana unaacha kuikagua. Kwa hiyo kwenye amri ya Hewitt ya "nisimulie hadithi" lazima kuwe na mtu wa pili chumbani, mkavu, kazi yake kuuliza: umejuaje? Nani mwengine kasema? Karatasi iko wapi? Bila ya mtu huyo tunabaki na umbea uliopigwa picha nzuri.

Kauli_Thabiti

Hapo tumekutana. Huyo mtu wa pili ndiye anayekosekana kwetu kuliko kamera.

Pwani_Yote

Naandika kutoka Mombasa, mamangu wa Makunduchi, kwa hiyo nina haki ya kuchangia!

Mnaizungumza Marekani na mnasahau kwamba jambo hili limeshafanywa kwa Kiswahili. Hapa Kenya kituo cha KTN kilikuwa na kipindi cha Jicho Pevu cha Mohammed Ali. Mitaa ilikuwa inatulia usiku wa Jicho Pevu. Yule kijana alikuwa anaingia kwenye habari za mauaji, dawa za kulevya na rushwa, na lugha yake ilikuwa Kiswahili kilichonyooka, kina mafumbo na kina makali. Watu wasiosoma magazeti ya Kiingereza ndio waliokuwa wanamngojea. Mwaka 2017 watu wa Nyali wakamchagua mbunge, akiwa mgombea binafsi, na sina shaka ilitokana na imani waliyompa kwenye skrini.

Kwa hiyo asitokee mtu akasema habari za uchunguzi ni za Kizungu. Lugha yetu ina uwezo, na watazamaji wapo.

Mwani_Paje

Nami nataka kusema, ingawa mimi si mtu wa habari, ni mkulima wa mwani.

Kamera zinakuja sana kwetu. Mwani ulianza kulimwa kibiashara Zanzibar mwaka 1989, na tangu hapo kila mgeni anataka picha ya mwanamke kainama majini na kanga yake. Picha nzuri, bahari ya samawati. Wanakaa muda mfupi, wanatuuliza "mnafurahia kazi?", tunasema alhamdulillah, wanaondoka. Hajawahi kuniuliza mtu suali la pili.

Suali la pili ni kwamba ule mwani wa bei nzuri, cottonii, unakufa. Maji ya ufukoni yamekuwa moto, unapata ugonjwa, unakatika na kuoza kwenye kamba. Tumebaki na spinosum ambao unastahamili lakini bei yake ya chini mno. Huko kwenye kina kirefu ambako cottonii bado ungeota, wengi wetu hatujui kuogelea na hatuna vyombo. Wanaume wengi waliuacha mwani zamani walipoona haulipi, wamebaki wanawake. Kilo moja mkavu ina mgongo wa mtu ndani yake.

Sasa mtu akitaka kusimulia hadithi, na anifuate mimi tokea maji yanapokupwa mpaka yanapojaa. Kisha aende kwa mnunuzi amuulize bei inapangwa na nani na wapi. Kisha aende madukani Ulaya aonyeshe dawa ya meno na maziwa ya boksi yaliyotiwa unga unaotoka kwenye mwani. Hapo nitakaa niangalie hata kama kipindi kinatoka usiku wa manane.

Mwana_Kikwajuni

Dada yangu, umeandika muswada mzima. Wallahi hiyo ni habari kamili: ina mtu, ina kitendawili cha maji kuwa moto, ina pesa za kufuatwa mpaka zinakoishia, na ina mtu wa kuulizwa swali usoni.

Mtambwe_Halisi

Mimi niko Pemba na nasema tusijifurahishe. Tatizo kubwa si ujuzi. Nani atakikalia kile kiti cha kuulizwa?

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama mkondo wa Nungwi ikija huku kwetu, imejaa kupita kiasi. Hakuna kijiji Pemba kisichokuwa na msiba wake. Mwaka haujatimia, Julai 2012, Skagit nayo ikazama karibu na Chumbe. Tume iliundwa, ripoti zikatoka, kesi zikasikika. Lakini mpaka leo, mtu aliyepoteza mke na watoto hajapata kuona mwandishi amemkalisha mwenye dhamana kwenye kiti, kamera iko usoni, akamuuliza: tiketi ziliuzwa ngapi? Nani alikuwa gatini usiku ule? Nani alisema iondoke? Na akanyamaza, kama ulivyosema, akangoja jibu.

Sheria zetu za habari ni zile za 1988 za magazeti na ya 1997 ya utangazaji, na waandishi wamezilalamikia miaka na miaka. Waliokuwa wakubwa wanakumbuka gazeti la Dira lilivyofungiwa mwaka 2003. Kijana wa leo anayajua hayo. Ana mama wa kumlisha. Usimlaumu akichagua kwenda kurekodi uzinduzi wa mradi, apewe nauli, arudi nyumbani salama.

Huko Marekani Wallace akimuuliza mkubwa swali zito, mkubwa anachukia lakini kesho yake Wallace yuko ofisini.

Mzee_wa_Barza

Mtambwe, Mwenyezi Mungu awarehemu wote wale. Mimi jirani yangu alikuwemo. Ulilolisema ni zito na sina jibu lake jepesi.

Nnaongeza tu kwamba wakubwa nao huzoeshwa. Huko kwao mtu akikataa kuhojiwa, wanaonyesha kiti kitupu au mlango uliofungwa, na watu wanajua maana yake. Mkubwa akaona bora aende akajieleze. Mazoea hayo yalijengwa Jumapili kwa Jumapili. Hayakuja siku moja.

Kibandamaiti_Kijana

Samahanini wakubwa, naomba niulize. Mimi nimemaliza diploma ya habari, ninafanya kazi za mkono kwa mkono. Nina simu nzuri na maiki ya kubana kwenye shati. Nikitaka kuanza kitu kama hiki kwenye YouTube, nianzie wapi? Nilikuwa nafikiria Beit el Ajaib, lile jumba la kale la Mji Mkongwe, kwa sababu iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020 ikiwa kwenye matengenezo na watu wawili wakafa, na sijaona makala ndefu ya Kiswahili inayoeleza nyumba ile ilifikaje pale.

Mwana_Kikwajuni

Kijana wangu, karibu sana. Nitakueleza ninavyoona mimi, na wenye ujuzi wanirekebishe.

Beit el Ajaib ni habari nzuri, lakini ukianza na Sultan Barghash, mwaka 1883, nguzo na milango, umeshatupoteza. Hayo tunayasikia kwa watembeza wageni kila siku. Anza na mtu. Tafuta fundi aliyekuwa kwenye matengenezo siku ile, au familia ya mmoja wa wale wawili ikiwa itakubali, na ikikataa usiisumbue. Mtu huyo ndiye atakayetubeba. Mengine yote, miaka, mkataba, kwamba sehemu ya jengo ilikuwa imeshaanguka mwaka 2012 na makumbusho yakafungwa, kwamba Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya UNESCO tokea 2000, hayo yaingie pale ambapo mtazamaji ameshaanza kuuliza mwenyewe "ilikuwaje wakaachia?"

Swali lako liwe moja tu. Mimi ningechagua hili: nani alijua kwamba nyumba imelegea, na alimwambia nani? Ukiwa na swali moja utajua nini cha kukata. Watu wa 60 Minutes wanarekodi masaa mengi kwa ajili ya dakika kumi na tatu, na kukata kule ndiko kunakoifanya habari itembee. Vijana wetu wengi wanarusha saa nzima ghafi, wanasema "mahojiano kamili", wanamwachia mtazamaji kazi ya mhariri.

Usitie muziki wa huzuni. Mtu akilia, sauti yake inatosha.

Waandikie barua wenye dhamana, barua ya karatasi, ipigwe muhuri wa kupokelewa, na ubaki na nakala. Mtambwe amesema kweli kuhusu khofu, na siwezi kukwambia usiogope. Nnachoweza kukwambia ni kwamba ukimpa mtu nafasi ya haki ya kujibu, ukaandika tarehe uliyompa, umejikinga na umemtendea uadilifu kwa pamoja. Na kila sentensi uliyonayo iwe na karatasi au watu wawili nyuma yake. Huna karatasi, huna watu wawili, itoe, hata kama ni tamu.

Kama hii unaiona nzito kwa kuanzia, basi anza na Nadi Ikhwan Safaa. Kikundi cha taarab kilichoanzishwa 1905 na bado kinapiga! 60 Minutes waliwahi kwenda Kinshasa na mwandishi wao Bob Simon wakaleta habari ya okestra ya watu wa kawaida wanaopiga muziki wa akina Beethoven kwenye mji usio na umeme wa uhakika, na dunia ikaipenda. Sisi tunao wazee wanaoshika qanuni na fidla hapa hapa, wanafundisha wajukuu. Mtu mmoja, chombo kimoja, swali moja: nani atakishika baada yako?

Mwani_Paje

Au njoo Paje. Sikutanii.

Kibandamaiti_Kijana

Nimewafahamu wote, ahsanteni. Nyumba nitaikusanyia karatasi taratibu, nione nafika wapi. Bi Mwani, naomba unambie bamvua linaanza lini na maji yanakupwa saa ngapi, nije nimekwisha kuchaji. Na nitaomba na jina la mnunuzi unayemuuzia nimwandikie mapema, ajue nakuja.

Mwani_Paje

Nimekutumia ujumbe wa ndani. Njoo na viatu vya kukanyagia mawe, kuna mashokoro mengi. Na usije kwa nusu siku.

Nipo_Ughaibuni

Mkimaliza kukata, nitumieni mimi kabla hamjairusha, nataka kuwa yule mtu mkavu. Nitawauliza karatasi iko wapi.